Unga Uliochomwa Kariobangi

Naikumbuka siku ile hata leo, mwanangu, maana ndiyo siku niliyowaonea haya watu wa kwetu. Nilikuwa mwanafunzi wa kemia chuo kikuu, nikiishi bado kwa mama yangu mtaani Kariobangi, Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kichocheo: unga laini mno wa oksidi ya zinki, ambao ukitiwa kidogo tu kwenye mchanganyiko huharakisha utengenezaji wa dawa, nao wenyewe usipungue. Unga huo lazima uchomwe kwanza. Tanuru la maabara likaharibika, na mwalimu wangu alitaka matokeo wiki hiyohiyo.

Basi nikaubeba kwenye kikombe cha kauri hadi kwa Mzee Wekesa, jirani yetu aliyeyeyusha vyuma chakavu. Hakuniuliza maswali mengi.

"Weka hapo kando, msichana wangu. Moto ni wa Mungu."

Unga ule ulifanya maajabu! Mchanganyiko uliokuwa ukituchukua kutwa nzima uliiva kabla ya chai ya saa nne. Nikapigiwa makofi. Lakini nilipoandika ripoti, kalamu ikasita. Niseme nimechoma kwa fundi wa jua kali, kwenye tanuru la vyuma chakavu, wanicheke? Nikaandika "tanuru la maabara". Ujanani mtu ana werevu mwingi wa kujidanganya, na wangu ungetosha kugawia mtaa mzima.

Mwaka uliofuata, Akinyi, aliyekuwa nyuma yangu kimasomo, akapewa kazi ya kuendeleza unga ule. Akafuata ripoti yangu neno kwa neno, katika tanuru la maabara lililokwisha kutengenezwa. Wapi! Akarudia miezi mitano, mpaka akaambiwa asipopata kitu muhula huo, ufadhili wake unakatwa. Akanijia analia.

"Aki ya Mungu, Wanjiru, mimi ni mjinga ama? Nafanya tu vile uliandika na haishiki!"

Moyo uliniuma, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwa mtoto wa watu. Nikampeleka kwa Mzee Wekesa, nikasema yote mbele yao. Mzee akachungulia ndani ya tanuru lake.

"Siku ile si tulikuwa tumeyeyusha nyaya za shaba? Vumbi lake lilijaa humo ndani."

Kumbe zinki yangu ilikuwa imechanganyika na shaba, na nguvu ilitokana na hizo mbili pamoja. Nikaanza kushukuru, mzee akanikatiza.

"Hukuona haya kuniomba moto. Mbona uliona haya kunitaja?"

Kesho yake nilikiri kwa mwalimu. Ripoti ikafutwa, nikachelewa kuhitimu mwaka mzima. Akinyi alitia shaba, kazi ikashika, akabaki chuoni. Ripoti yangu ya pili ina jina la Mzee Wekesa ukurasa wa kwanza. Nilipompelekea, Kiingereza cha ripoti kilimshinda, ila jina lake alilisoma mara mbili.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanangu, andika kilichotokea, hata kama kilitokea kwenye masizi. Kuna atakayepita nyuma yako akifuata maneno yako, na ukificha kitu, atapotelea hapo akidhani yeye ndiye mjinga. Na aliyekupa moto, mtaje. Mungu akubariki kwa majirani kama wangu, akupe na ulimi usioona haya kuwataja.