Kuku Wangu wa Operesheni Vijiji

Leo nimegundua kwamba sikuwepo kwenye utoto wangu mwenyewe.

Kesho binti yangu Neema ana mtihani wa Historia ya Tanzania, lile somo la lazima. Mwalimu kawaambia kila mmoja ajiandae na mfano wa masimulizi kutoka nyumbani kwao.

Nikajileta mwenyewe.

"Andika, mwanangu. Mwaka sabini na nne tulihamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilikaa juu ya lori, nimempakata kuku, nalia njia nzima."

(Hadithi hii nimeisimulia hadi kwenye harusi, watu wakafuta machozi.)

Neema akaweka kalamu chini. "Baba, si ulizaliwa sabini na saba?"

Miaka yote hiyo sijawahi kupiga hiyo hesabu.

Nikasema tumpigie bibi yake kule Ipogolo, atuamue. Spika nikaiweka mimi, tena kwa mbwembwe.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Lori umelipandia wapi, wewe? Aliyelia na kuku ni kaka yako. Wewe ulikuja baadaye, ukasikia hadithi, ukaipenda, ukadandia."

Nikajua mfano umekufa, mtoto kesho atakwama. Kumbe kalamu inakimbia. Nikachungulia daftari:

"Udhaifu wa masimulizi ya mdomo: msimulizi huweza kujiweka mahali ambapo hakuwepo. Mfano: Baba."

Neema anasema hizo alama ziko mfukoni.

Mliozaliwa baada ya lori kama mimi, nanyi mlipandia wapi? Semeni hapa chini. Kaka kanipigia sasa hivi kutoka Mbeya, anadai kuku wake.