Maboya ya Mume Wangu

Nilikuwa na wivu na wifi yangu, dada wa mume wangu, na sikumwambia mtu, hata padri. Mjane, hana hili wala lile, lakini kila alichoshika kilikubali. Hata kicheko chake kilinikera.

Kampuni iliyokuwa ikinunua chupa za plastiki hapa ufukweni kwetu Nyasa, ikizipeleka mjini kuyeyushwa, ilitangaza kwamba inataka kurudisha kitu kwa jamii. Itavuta maji ya bomba, na bomba litawekwa uwanjani kwa mwokotaji atakayeleta mzigo mzito kuliko wote siku ya kupima. Nikajua litakwenda kwa nani. Wifi alikuwa anapita ufukwe mzima kabla sijafungua mlango, mimi nafika nakuta nyayo zake tu. Magunia yake yalijaa barazani, na watu wakamwambia, "Bomba lako hilo, mama," nami nimesimama hapohapo. Roho iliniuma, nisidanganye.

Siku mbili kabla ya kupima, mume wangu alipanda hospitali ya Litembo, huko milimani, kumjulia hali mjomba wake aliyelazwa. Akaacha wavu wake umeanikwa. Kwetu maboya ya wavu ni chupa hizohizo, zimekazwa vifuniko na kufungwa kwa kamba ukingoni. Nikachukua kisu. Nilijiambia nitamfungia nyingine baadaye, nikazikata zote.

Aliporudi kesho yake usipa, dagaa wa ziwa letu, ulikuwa umeanza kuonekana, wenzake wanajiandaa, na wavu wake hauna hata boya moja.

"Nani kafanya hivi?"

"Nitajuaje? Wezi wa chupa wamezidi siku hizi," nikasema, nikaenda kuchochea moto.

Wifi alisikia. Alikuja akiburuta magunia yake, akakaa chini na kaka yake, akawa anachagua chupa na kufunga.

"Wifi, na kupima kesho?" nikamuuliza.

"Nitaokota nyingine. Usipa hausubiri."

Mume wangu alimtazama dada yake kwa namna ambayo hajawahi kunitazama mimi. Na hata hapo sikuona haya kwanza. Niliona wivu.

Siku ya kupima gunia langu lilikuwa zito, ikabidi wifi anisaidie kulibeba hadi kwenye mizani. Mdomo wa gunia ukafunguka. Shingoni mwa zile chupa vipande vya kamba ya wavu vilikuwa bado vimefungwa, sikukumbuka kuvitoa. Wifi aliviona. Kaka yake alikuwa anakuja. Akainama, akavichomoa kimoja kimoja haraka, akavikunja kwenye pindo la kanga yake.

"Hongera, wifi," akasema.

Bomba lipo uwanjani kwangu, na kibao cha kampuni kinachosema inaijali jamii. Wifi huja kila asubuhi na ndoo, hunisalimu vizuri kutoka uwanjani, huchota, huondoka. Kaka yake hajui mpaka leo. Nikimwona wifi anakuja, mimi huingia ndani.