Walioshika Keria ya Baiskeli Yangu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kumepambazuka na baridi kavu, upepo unatoka upande wa ziwa, na angani hakuna hata wingu la kusingizia. Umande umelaza vumbi jekundu. Hiyo ndiyo saa ambayo mtu wa baiskeli huipenda Geita, kabla malori hayajaamka.

Tunatafuta nyumba. Tulihamia hapa kutoka Shinyanga baada ya Pasaka, kwa sababu mke wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, alipata uhamisho. Yeye ndiye aliyesoma. Mimi niliishia la saba, nikabeba abiria kwa baiskeli miaka mingi pale Shinyanga, mpaka bodaboda zilipojaa mjini nikageuka fundi wa baiskeli hizohizo. Kwa hiyo nikisema mtaa fulani unafaa kwa baiskeli, naomba niaminiwe kidogo. Nikisema unafaa kwa mkimbiaji, hapo nabahatisha, maana mimi sikimbii. Anayekimbia ni yeye.

Anakimbia kwa sababu ya presha. Mama yake, aliyeko Kagongwa, alianguka alfajiri moja akienda kuchota maji, akalala njiani hadi walipopita watu, na tangu siku hiyo upande wake wa kulia umepooza. Mke wangu amemlisha mama yake uji kwa kijiko. Basi daktari wa Shinyanga alipomwambia apunguze chumvi na afanye mazoezi, hakubishana. Alinunua raba za mtumba, akafunga kanga juu ya suruali ya michezo, akaanza kutembea, kutembea kukawa kukimbia, nami nyuma yake na baiskeli, nimebeba chupa ya maji. Shinyanga ni tambarare. Ukiacha siku za mvua, udongo wa mbuga unapoganda kwenye matairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka, njia yote ni yako. Watu walituzoea. Wauza maziwa walikuwa wakimwambia, "Mwalimu, leo umechelewa." Presha ikashuka.

Hapa imepanda tena. Juzi kliniki wamemwongezea vidonge, na daktari akamuuliza, "Si ulikuwa unakimbia? Umeacha kwa nini?" Mke wangu alinitazama mimi, kama vile jibu nililibeba kwenye chupa ya maji.

Jibu ni hili. Tulipofika tulipanga chumba na sebule pembeni ya mji, karibu na wachimbaji wadogo, mahali ambapo karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, huunguruma tangu alfajiri. Sikujua, na nadhani ningepaswa kuuliza, kwamba kwa watu wa huko mtu anayekimbia asubuhi ana maana yake. Dhahabu ikitoka mahali papya wenyewe husema "kumetema", na anayesikia kwanza hakai kueleza, anakimbia. Wanaomwona nao wanakimbia. Hiyo wanaiita rashi.

Basi asubuhi ya pili mke wangu anakimbia kuelekea porini, mimi nimechelewa nyuma nikirudisha cheni iliyochomoka. Ninapoinua kichwa naona wanaume watatu wanamfuata, mmoja ana sururu, mmoja ana karai kichwani kama kofia. Halafu wakawa saba. Halafu ikaja bodaboda imebeba wawili na koleo. Mke wangu aligeuka, akawaona, akaongeza mwendo. Nao wakaongeza.

Nilimfikia wa nyuma kabisa, kijana anahema, nikamuuliza, "Kuna nini huko?"

"Sijui, mzee. Lakini yule mama anajua."

"Yule ni mke wangu. Anafanya mazoezi."

Alinitazama kwa huruma. "Mzee, usiwe mchoyo. Dhahabu ni ya Mungu."

Mke wangu alisimama kwenye mti mmoja, akainama kufunga kamba ya raba. Lo, kuinama. Walipomfikia hawakumgusa wala kumsemesha vibaya, na haki yao niwape, mmoja alimwamkia shikamoo huku akipiga sururu. Walichimba palepale alipoinama. Siku nne baadaye mashimo yalikuwa bado yanaongezeka. Kila akipita kwenda shuleni, watu wa karasha walimuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo unaelekea wapi?" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa amekimbia mbele ya wanaume tisa akidhani anafukuzwa, na kicheko changu kilikuja mapema mno. Raba akazitia chini ya kitanda.

Ndipo nikaanza kutafuta mtaa. Dalali wetu ana kijiwe chake Kalangalala, mtu mchangamfu, ana funguo nyingi kuliko mlinzi wa benki. Anazo sifa zake za nyumba amezikariri: maji yapo, umeme upo, mwenye nyumba haishi hapo. Nikamwambia nataka mtaa wa kuendesha baiskeli na kukimbia.

"Kukimbia nani?" akauliza.

"Kukimbia tu."

"Mzee, mtaa wangu hauna fujo. Huwezi kukimbizwa na mtu."

Nilimweleza tena. Alifikiri sana, kisha akasema kwamba miaka yote ya udalali ameulizwa kuhusu choo, kuhusu msikiti na kanisa, kuhusu baa, hata kuhusu uchawi, ila hilo la leo hajawahi. Lakini alilichukua kwa moyo. Alituonyesha nyumba mbili, na mimi nikasema kila moja tuijaribu alfajiri kabla ya kulipa, kama mtu anavyojaribu baiskeli kabla ya kuinunua. Kama huo ni ushamba, basi ni ushamba uliotusaidia.

Ya kwanza tuliijaribu Jumamosi iliyopita. Niseme ukweli, niliipenda kabla hata hatujashuka. Barabara imechongwa vizuri, imenyooka, mteremko kidogo sana, mifereji pembeni, kuta ndefu na mageti ya chuma. Baiskeli ilikwenda yenyewe. Mke wangu alizunguka mara tatu na hakuna aliyemtazama, kwa sababu hakukuwa na mtu. Mbwa walibweka ndani ya mageti. Mlinzi mmoja alitoa kichwa, akakirudisha. Nikamwambia mke wangu, "Hapa ni Shinyanga yenyewe." Alisema, "Barabara ni nzuri." Hakuongeza neno, nami nikahesabu kuwa amekubali. Nilimwambia dalali atushikie.

Lakini nilikuwa nimeahidi kuijaribu na ya pili, na ahadi ni ahadi, hivyo leo tukaenda.

Iko mlimani, kwenye yale mawe makubwa. Njia inapanda, inapinda nyuma ya jiwe lenye ukubwa wa nyumba, inashuka, inapanda tena. Kokoto zinateleza. Nyumba zimesogeleana, choo kiko nje, na maji, dalali mwenyewe alikiri, hutoka yanapojisikia. Nilishaikataa moyoni. Mke wangu akaanza kupanda, mimi nyuma yake kwenye gia pekee ambayo baiskeli yangu inayo, yaani mapaja yangu. Kwa kuwa alikuwa amekaa muda mrefu bila mazoezi, alitaka kusimama mapema, nami nikamhimiza kama nilivyozoea Shinyanga.

"Usisimame! Leo husimami! Nipo nyuma yako!"

Nikiyaandika hapa nayaona yalivyo. Wakati ule kwangu yalikuwa maneno ya kumtia moyo tu.

Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja aliacha kufagia. Akaingia njiani, akasimama mbele ya gurudumu langu, ameshika fagio mlalo. Nikapiga kengele. Hakusogea. Nikafunga breki, na kabla sijakanyaga chini nikasikia baiskeli imeshikwa nyuma. Mama mwingine, mnene, mkono mmoja una mwiko wenye uji wa moto, kwa wa pili ameikamata keria yangu.

"Mwangaluka, baba," akasema yule wa fagio, kwa Kisukuma cha kuamkiana asubuhi, kwa adabu kabisa. "Unamfukuza nani?"

"Simfukuzi mtu. Ni mke wangu."

"Ndio haohao mnaowafukuza," akasema wa mwiko.

"Mama zangu, tunafanya mazoezi."

"Mazoezi gani, yeye kwa miguu na wewe umekaa?"

Hapo walikuwa wameshatoka watu wengine, bibi mmoja na redio yake, mwanamume mwenye mswaki mdomoni. Nilitazama mbele kumtafuta shahidi wangu, na shahidi alikuwa amepotelea nyuma ya jiwe, anaendelea kupanda, kwa kuwa nilimwambia asisimame. Nilimwita. Yule wa mwiko akasema, "Muache apumzike, umemwita vya kutosha."

Alirudi mwenyewe alipoona simfuati. Alifika anahema, mikono magotini, hawezi kutamka neno, jasho linamtiririkia machoni. Kwa mtu asiyemjua, huyo analia. Wakamletea kigoda na maji kwenye kikombe cha bati. "Pole, mayu," wakamwambia, yaani mama kwa Kisukuma. "Pumua kwanza. Haendi popote huyu." Na kweli sikuwa naenda popote, keria yangu ilikuwa bado mikononi mwa watu.

Alipopata pumzi alisema, "Ni mume wangu. Tunafanya mazoezi."

Nilidhani yameisha. Yule wa fagio hakutosheka. Alimshika mke wangu mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mimi siwaoni, akamuuliza tena huko. Nilikaa juu ya baiskeli yangu nimekamatwa kama mwizi wa kuku, na yule wa mswaki akatema povu pembeni yangu. Hasira ilinipanda, sitaficha. Nikajiuliza kama ningekuwa mimi ndiye ninayefagia, nikaona mwanamke anakimbia na mwanamume juu ya baiskeli anamfokea asisimame, ningefikiri nini? Sikupata jibu linalonipendelea.

Nikasikia kicheko nyuma ya nyumba, cha mke wangu. Sikuwa nimekisikia hivyo tangu tuhame.

Walirudi wameshikana mikono. Keria ikaachiwa. Yule wa mwiko aliniangalia tumbo, akasema, "Baba, na wewe siku moja ushuke ukimbie, usije ukaachwa." Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa adabu. Uji ulikuwa umeungua kwa sababu yetu, nikawaomba radhi kwa uji. Wakasema uji huungua kila siku.

Tulishuka mlima tukitembea, mimi nasukuma baiskeli. Nilisema nimpigie dalali tumalizane na ile ya barabara iliyonyooka. Tulipofika chini mke wangu alisimama.

"Mimi nataka hapa," akasema.

"Hapa kwa wale walioshika keria?"

"Haohao."

Nilimpa sababu zangu zote, na nadhani nilikuwa na haki. Kokoto. Maji. Choo cha nje. Magoti yangu. Nilimwambia kule hakuna mtu atakayemsumbua, anaweza kukimbia mpaka achoke, hakuna hata jicho moja.

"Nililiona hilo," akasema. "Nilizunguka mara tatu, nikawa najiuliza, nikianguka hapa, nani atafungua geti?"

Sikuwa nimewaza kuanguka. Nilikuwa nikipima mteremko na matairi wiki nzima, yeye alikuwa anapima kitu kingine, na nadhani alikuwa anamwona mama yake chini njiani, ndoo imemwagika, anasubiri wapita njia.

"Nipo mimi nyuma yako," nikasema.

"Upo. Na siku cheni ikichomoka?"

Tulitembea. Baadaye akaniambia alichoulizwa nyuma ya nyumba. Yule mama alimwambia, kama ni kweli anakupiga, usiseme, kaa tu hapa chini, mimi nitajua. Mke wangu akawa anacheka, na alipomwona mwenzake hacheki, akanyamaza akamweleza habari ya presha. Yule mama akasema, "Basi mayu, ukipita kila asubuhi, siku usipopita nitakuja kugonga."

Nimempigia dalali mchana. Alishangaa. Akasema, "Mzee, nimesikia wamekukamata huko," maana habari hapa ina miguu kuliko mkimbiaji yeyote, "na bado unaitaka?" Nikamwambia anayeitaka ni mwenye miguu. Mimi sijui kama nimefanya sawa. Ile barabara iliyonyooka bado naiona nikifumba macho, na nikifika mlimani baiskeli nitakuwa naisukuma zaidi ya kuiendesha. Huenda mvua zikija nitaandika mengine hapa, nijilaumu. Lakini raba zimetoka chini ya kitanda, zimefuliwa, zimeanikwa dirishani, na hilo silo jambo la kupuuza.

Jioni tumekula ugali wa dona na sato wa kuchemsha, na mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, imeungwa kwa karanga. Kibakuli cha chumvi kimewekwa upande wangu. Nimekisogeza mbali, nikala hivyohivyo.