Mfereji wa Paa la Mama Mkwe

Nyumba ya mama mkwe wangu, kule Itetemia, ilikuwa ya matofali mabichi na paa la bati. Bati alilinunua baba mkwe enzi za uhai wake, akazungusha ukingoni mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye pipa. Alipofariki, mama akabaki humo peke yake, na habari za kuhama hakutaka kuzisikia. "Nyumba yangu bado imesimama," alikuwa akisema. "Nihamie kwa mkwe nikatafute nini?"

Mkwe mwenyewe ndiye mimi. Nilikuwa mnunuzi wa nta. Warina asali wanaileta kutoka upande wa Kigwa, mimi naigeuza, nainusa, naikwaruza kwa ukucha, naipima mara mbili, kisha nawaambia nimeona iliyo bora kuliko hii. Riziki yangu ilikuwa kuona kasoro kabla mwenye mali hajafungua mdomo. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikuona.

Niliona tangu mvua za kwanza. Maji hayakutoka kwenye mdomo wa mfereji, yalimwagika katikati kama uji unaofurika sufuria. Pipa likabaki nusu, ukuta ukalowa. Mvua ikikatika, mfereji uliendelea kudondosha matone mpaka jioni, maana yake umebeba kitu. Ukutani ikashuka michirizi ya kahawia, na kule juu yakaota majani mabichi, shamba dogo lisilo na mwenyewe. Ile miembe ya njia ya kale ya misafara, iliyopita kando ya nyumba, ambayo kila mgeni huisifia kivuli, ilikuwa ikipukutisha kila kitu juu ya bati lile.

Sasa, kwa ukoo wa mke wangu, mkwe mwanamume hapandi juu ya paa ilhali mama mkwe yumo ndani. Ni sawa na kumpanda kichwani. Hata kumtazama usoni si adabu. Nikifika nilichuchumaa mbali, nikatoa shikamoo nikiangalia vidole vyangu vya miguu, na maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu, aliyesimama katikati kama mkalimani wa baraza.

"Mwambie mumeo maji yanapita ukutani."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hata hivyo. Wanaume husikia mara ya pili."

Nilimtafuta fundi bati wa sokoni. Bei yake haikuwa mbaya, lakini mimi kukubali bei ya kwanza ni kama kula bila kunawa.

"Fundi, hiyo bei unasafisha mfereji au unaninunulia nyumba?"

"Bwana, nimeshashuka."

"Shuka tena kidogo."

"Nikishuka tena, itabidi nikulipe mimi."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Nilimwacha alale na mawazo yake. Asubuhi nikaambiwa amepanda treni kwenda Bukene, kuna mwenye duka amempa kazi ya paa zima. Nikajipongeza kwamba sikupunjwa.

Mke wangu akasema, "Jumapili mama yuko kanisani asubuhi yote. Nyumba tupu, ngazi ipo."

"Jumapili napokea nta."

"Nta inakuja mchana."

"Na majirani wakiniona juu ya paa la mkwe?"

"Wewe? Wewe uliyebishana na askari wa soko mpaka akakuachia kizimba ndiye unaogopa majirani?"

Nikamwambia heshima ni heshima. Aliniangalia, akaendelea kuchambua mchele. Ukweli ni kwamba sikutaka kuchota tope Jumapili. Heshima ile nilikuwa nimeipata bure, na nikaitumia kupita kiasi.

Mvua ikaendelea. Chini ya ukuta udongo ukaliwa kidogo kidogo, nyufa zikapanda. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini mara ya pili zitapungua. Halafu asubuhi moja, mama akiwa uani anawatupia kuku pumba, ukuta wa chumba chake ukakaa chini. Haukuanguka kwa kishindo, ulikaa tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Kitanda chake kikawa kinaonekana barabarani, na shuka yake, na kanga aliyokuwa ameianika kichwani mwa kitanda. Mke wangu alikimbilia kanga kwanza.

Mfereji ulining'inia umepasuka. Ndani mlikuwa na tope jeusi, majani ya mwembe na mbawa za kumbikumbi zilizogandamana kama karatasi. Nililizoa lote. Lilijaza makarai mawili. Nikazoa tena kuhakikisha, yakawa mawili yale yale.

Mama akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo asihuzunike. Aliniheshimu. Mkwe mwingine angenipanda kichwani."

Mke wangu hakuyafikisha maneno hayo. Aliinama kuokota matofali.

Mama akahamia kwetu. Nikawa naingia kwangu kwa mlango wa uani na kula nyuma ya jiko, ili tusikutane. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni namna alivyokaa: kwenye mkeka karibu na mlango, fungu lake la nguo kando, kama abiria aliyeambiwa treni imechelewa. Chumvi ya nyumba yangu aliiomba. Kwake hakuwa akiomba chumvi.

Mwaka uliofuata nilijirekebisha. Kabla ya mvua nilikata matawi yaliyofika juu ya bati langu, nikachota takataka zote, nikaziba mdomo wa mfereji kwa wavu wa waya ili majani yasishuke. Nilimwaga ndoo ya maji upande mmoja kuona kama yatatokea upande wa pili. Kazi hii niliifanya Jumapili, mama akiwa kanisani.

Jumapili hiyo ibada ilikwisha mapema. Nikiwa juu, nikamwona amesimama uani na kitabu chake cha nyimbo, anatazama ngazi, ndoo, kisha maji yanayotoka vizuri. Mke wangu alikuwa kisimani. Hapakuwa na wa kutusemea.

"Baba," akaniita, uso ameuelekeza ukutani. "Ni kazi ya asubuhi moja tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na kule kwangu Jumapili hazikuwepo?"

"Zilikuwepo, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake, akautandika nyuma ya jiko, mahali ninapolia chakula, akakaa ameielekea ngazi, uso wazi, kunisubiri nishuke.