Dansi ya Tango Kwenye Sakafu Mbichi

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapopiga deki, ingawa sebule hii ina vigae na siku ile sakafu ilikuwa ya udongo. Jana ilinijia tena, mwanangu, nilipowasikia wewe na mchumba wako mkigombana humu ndani mbele ya simu. Mnajifunza tango, ile dansi ya kushikana wawili wawili, muingie nayo ukumbini siku ya harusi. Simu inahesabu, ninyi mnakanyagana. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikasikia unamwambia kijana wa watu kwamba kama mambo ndiyo haya, basi na harusi yenyewe iachwe. Hapo sikucheka tena. Wewe ni mjukuu wangu, na huyo mchumba siku zote namwita mume wangu, lakini leo nakuita mwanangu kwa sababu sitanii.

Mimi nami nilijifunza tango nyumbani, kule Usoke, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Babu yako alikuwa fundi cherehani karibu na stesheni, kijana maridadi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akaenda Tabora mjini kununua vitambaa, akaona watu wanacheza dansi ukumbini, akarudi bila vitambaa. Alirudi na gramafoni kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, na santuri moja. Rafiki yake alikuwa anaoa pale mjini, naye alishajisifu kwamba yeye na mkewe ndio watakaofungua dansi. Mke mwenyewe hajaulizwa.

Sasa mimi ni binti wa Goweko, nimekulia kwa wafugaji. Ngoma ya kwetu unasimama kwenye mstari wako, unatikisa mabega yako, hakuna anayekushika. Huyu ananikumbatia mchana kweupe, ananirudisha kinyumenyume nisikokuona, na nikikosea ananiambia mzito kama gunia la tumbaku. Mwanzoni nilicheka. Ilipokuwa kila jioni ni hayo hayo, nikaanza kumchukia, na nasema kumchukia, sio kukasirika. Mwisho nikamtuma mama mmoja aliyekuwa anapanda treni ya kwenda kwetu, amwambie baba aje anichukue. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikalisukuma furushi chini ya kitanda. Babu yako hakujua lolote.

Siku baba alipofika, asubuhi yake nilikuwa nimesiriba sakafu kwa udongo na samadi, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Haijakauka vizuri, babu yako akafunga cherehani mapema akaja na tango yake. Nikamwambia sakafu bado mbichi. Akasema harusi haingoji sakafu. Basi tukaichimba na kuichafua, na mimi roho inaniuma kwa kazi yangu. Tuko katikati ya chumba, tumekumbatiana na tumenuniana, tukasikia hodi. Baba mkwe wake huyo mlangoni, kibuyu cha asali mkononi. Mwanangu, babu yako aliniachia kama aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Akachuchumaa kumwamkia, jasho linamtoka, na gramafoni bado inaimba.

Baba akaitika. Wala hakuuliza tulikuwa tunafanya nini. Alikuwa mtu wa kufuata ng'ombe waliopotea. Akiziona nyayo porini anakwambia ng'ombe huyu ana haraka, huyu amechoka, na hakosei sana. Akasimama kizingitini akaiangalia sakafu. Kisha akaingia akipita kando kando ya ukuta asizikanyage alama zetu, akainama hapa, akainama pale. Sisi tumesimama kama watoto waliovunja chungu. Alipoanza kusema alisema Kiswahili, sio Kinyamwezi chetu, nikajua maneno ni ya wote wawili, maana babu yako alikuwa mtu wa Ujiji.

“Mwanaume huyu anakwenda peke yake,” alisema. “Na mwanamke huyu amekaza visigino. Alishakataa kabla hajavutwa.”

Iliniuma sana. Mimi ndiye niliyemwita, nikidhani atakuja kusimama upande wangu. Lakini baba alikuwa hajamaliza. Alikwenda hadi pembeni, gramafoni ilipokuwa juu ya stuli, akachuchumaa. Kutoka katikati ya chumba mpaka pale nyayo zilikuwa zimetulia, zangu na zake sambamba, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Akauliza hapa mlikuwa mnafanya nini.

Tukatazamana. Ilibidi nijibu mimi. Nikasema hapo hatukuwa tunacheza. Santuri ilikuwa inalegea, tukaenda kuzungusha mkono wa gramafoni, tukasahau kuachiana.

“Basi mnajua,” baba akasema. “Tembeeni hivyo hivyo.”

Akala michembe yangu ya viazi vikavu na karanga, akanywa maji. Muda wa treni ulipokaribia, akanisogelea akaniuliza kwa Kinyamwezi, taratibu, mzigo wangu uko wapi. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia hakuna mzigo, baba. Hakunisifu wala hakunilaumu, alichukua fimbo yake akaondoka. Babu yako aliporudi kutoka kumsindikiza, nikalivuta furushi mbele ya macho yake, nikalifungua, nikazitundika nguo moja moja. Alielewa. Akakaa chini palepale, na suruali yake ya pasi, kwenye sakafu mbichi.

Jioni ile santuri haikupigwa. Alinishika mkono, tukatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, tukarudi. Alikuwa ananingoja mpaka uzito wangu ufike mguuni, ndipo na yeye aende. Kwenye harusi ya rafiki yake tulifungua dansi kwa kutembea tu, watu wakacheka kidogo, wakapiga makofi. Hatukuwa mabingwa.

Wewe babu yako umemkuta mzee, na mwishoni unajua miguu ilimgomea. Kila asubuhi nilikuwa namwinua, namkumbatia, tunatoka kitandani kwenda mlangoni apate jua. Namngoja uzito ufike mguuni, ndipo na mimi niende. Siku moja akasimama katikati ya sebule hii hii, pumzi zimemwishia, akaniegemea.

“Santuri inalegea, mke wangu,” akasema. “Twende tukazungushe.”

Nilicheka na machozi yananitoka. Bado namkumbuka, mwanangu, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi.

Kwa hiyo leo akija huyo mume wangu, zimeni simu kwanza. Mshikane, mtembee kutoka kwenye kochi mpaka mlangoni. Wewe usikaze kisigino kabla hujavutwa, na yeye asiende kabla hujafika. Mkiliweza hilo, mikogo ya kwenye simu mtaiongeza mkipenda. Na mkishindwa hata kutembea, njoo uniambie mapema kabla kadi hazijatoka, sitakulaumu. Ila usiache mtu kwa sababu ya dansi ambayo hamjaanza kuicheza.

Mungu awape nyumba yenye amani na miguu yenye subira. Na siku mmoja wenu atakapoishiwa nguvu katikati ya chumba, Mungu amjalie mwenzake awepo, na awe bado anakumbuka kumngoja.