Osea na Supu ya Saigoni

Osea sikumpenda tangu siku aliyokuja kumposa Aida, mtoto wa marehemu kaka yangu, na aliporudi kutoka vitani alinipa sababu. Alikuwa mpishi wa ofisa mmoja Mwingereza. Vita vilipokwisha huko Bama, yaani Burma, ofisa akapelekwa Saigoni, katika nchi ambayo wenyewe wanaiita Vietnam, na Osea akafuata na masufuria yake. Alikaa huko miezi michache tu. Ukimsikiliza ungedhani ndiko alikozaliwa.

Alirudi kijijini kwake Mpemba mwaka wa arobaini na sita, na tangu hapo hakuna aliyekula kwa amani mbele yake. Ukimwekea maharage anakueleza soko la Saigoni: samaki wanauzwa wakiwa hai ndani ya mabeseni, majani mabichi ya kunukia yamepangwa mafungu mafungu, watu wamekaa alfajiri kwenye vigoda kando ya barabara wanakula supu kwa vijiti viwili. Supu kwa vijiti, nami nikae kimya niamini. Kulikuwa na mama mmoja muuza supu, mwenye kofia pana ya majani na meno aliyoyapaka rangi nyeusi. Huyo tulimjua kuliko majirani zetu. Alikata kitunguu hivi, alikamua ndimu vile. Aida akipika, mumewe anaonja, anaweka chini, anasema, "Yule mama angeongeza tangawizi."

Aida alivumilia mwaka mzima. Kisha akafunga vitu vyake akarudi kwetu Chitete. Kwa kuwa baba yake hayupo, kesi ikawa yangu mimi shangazi yake, na niliipokea kwa furaha. Nikaongozana naye kwa miguu, mzigo wake kichwani, hadi kwa Osea. Akiomba radhi ipasavyo, mke atabaki. Asipoomba, narudi naye.

Osea alitukaribisha vizuri, siwezi kumsingizia. Akachinja kuku. Nikasema moyoni, kumbe ana akili. Halafu akaingia jikoni yeye mwenyewe, mwanamume mzima, akampikia mkwewe. Akatuletea mabakuli ya supu yenye majani mabichi na pilipili, na nyama imekatwakatwa vipande vidogo kama ya kibogoyo.

Kwetu kuku wa mkwe huletwa na viungo vyake vyote: kichwa, miguu, na firigisi juu. Kikikosekana kimoja umetukanwa. Nikakoroga bakuli langu, nikakoroga na la Aida.

"Firigisi iko wapi?"

"Imo, Mama. Nimeikata nyembamba nikaichanganya, kila mtu apate. Kule Saigoni..."

"Hapa ni Mpemba."

"Onja kwanza, Mama."

Nikaonja. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Nikamwambia mwacha mila ni mtumwa, nikaongeza na mengine ambayo Mkristo hayasemi penye chakula. Naye akanijibu kwamba amechoka kuishi na watu wasiotaka kujua lolote, na kwamba nimetoka Chitete kwa miguu kufuata firigisi. Ningemmwagia bakuli lile kama Aida asingesema.

Alikuwa hajagusa bakuli lake. Akamuuliza mumewe polepole, "Yule mama wa Saigoni, siku ya kwanza alikupa nini?"

"Supu ya bata," Osea akajibu papo hapo. "Na machipukizi ya mianzi."

"Mimi je? Siku uliyorudi nyumbani, nilikupikia nini?"

Osea akatazama jiko, akanitazama hata mimi, adui yake, kana kwamba ningemsaidia.

"Ugali," akasema. "Ugali na mboga za majani."

"Kuku," Aida akasema. "Niliuza kanga yangu ya harusi nikamnunua. Firigisi ulimpa paka."

Kisha akajitwika mzigo wake, akatoka mbele yangu kuelekea Chitete.