Ishirini kwa Ishirini

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la sita karibu na Sironga. Ndugu yangu mdogo alikuwa amebakisha ng'ombe mmoja tu kukamilisha mahari ili amwoe msichana wa Mosocho. Baba wa msichana alitaka mtamba huyo wa mwisho aletwe kabla ya kuvuna wimbi, la sivyo kulikuwa na mchumba mwingine.

Soko la Ikonge lilikuwa na mwenye duka aliyewahi kuhudumu katika baa ya wazungu huko Nairobi. Jumapili mchana alichezesha ishirini na moja nyuma ya duka, mchezo wa karata ambao mshindi ni anayeikaribia zaidi ishirini na moja bila kuipita. Tofauti na wengine, yeye aliziweka karata zake mbili wazi, kila mtu azione. Alikuwa na sharti moja: mkilingana, yeye ndiye mshindi. Watu walicheka wakaketi. Waliona zile karata wazi, sharti hawakulipima.

Mimi nililipima. Katika daftari niliandika la kufanya kwa kila mkono wake. Akiwa na kumi na tano, sheria inamlazimu aongeze hadi afike kumi na saba, basi wewe tulia, huenda akapita ishirini na moja mwenyewe. Akiwa na kumi na tisa, kumi na nane yako haina maana, omba karata. Nikaenda, nikashinda debe la mahindi, wiki iliyofuata kuku wawili. Sisi ni Wasabato, na mama angejua angelia, kwa hiyo nilimwambia nimenunua.

Ndugu yangu hakudanganyika. Aliniomba nimfundishe. Nilimfundisha jioni tatu jikoni, nikitumia vipande vya kadibodi. Nilimwambia hii si bahati, ni hesabu. Maneno hayo ni yangu, siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata alimleta mtamba mmoja kati ya ng'ombe aliokwisha kuwakusanya kwa mahari, akamfunga kwenye mti wa mkaratusi. Mwenye duka naye akaweka wake. Mkono mmoja tu.

Ndugu yangu alipata mfalme na kumi. Ishirini. Watu wakaanza kumpiga mgongoni. Kisha mwenye duka akaweka zake mezani: malkia na kumi. Ishirini pia.

Akinyamaza, ameshindwa. Kilichoweza kumwokoa ni ree peke yake, ihesabiwe moja. Aligeuka akanitazama. Hata nyumbani hakuniita kaka, aliniita Mwalimu.

"Mwalimu, niombe?"

"Omba," nikasema.

Mzee mmoja alishika kichwa. Nani huomba karata akiwa na ishirini? Mwenye duka aliifunua taratibu. Ilikuwa tatu.

Hakuna aliyemcheka mwenye duka. Waliyemcheka ni ndugu yangu, mjinga aliyeharibu ishirini, na nilipojaribu kuwaeleza kwamba alikuwa amekwisha shindwa kabla ya kuomba, hawakunisikiliza. Daftari langu halikuwa na kosa. Lilichokosa ni ukurasa wa kumwambia mtu asiketi.

Tulirudi kwa miguu. Sasa alipungukiwa ng'ombe wawili. Nilimwambia nitauza chai yangu ya msimu ule, naye akaniambia nisijisumbue. Kabla ya wimbi kukatwa msichana alikuwa ameolewa kwingine, na ndugu yangu akaenda Kericho kuchuma chai katika mashamba makubwa.

Alirudi mara moja tu, siku ya kumzika mama. Baada ya watu kuondoka nilimfuata kwenye migomba nikamwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulinifundisha vizuri," alisema. "Ndiyo maana sijui nimkasirikie nani."

Asubuhi alikuwa amekwenda. Barua mbili nilizomwandikia zilirudi. Kipande chake cha shamba sikukilima, na majirani walipoomba wakikodi nilikataa, ingawa sikuwa nikitarajia tena kwamba atakuja.